Soksi za Vidole kwenye Miteremko ya Bukavu

Kidole cha mwisho cha mguu wangu wa kushoto kimelala chini ya jirani yake tangu nilipozaliwa, na kwa miaka mingi sikuona sababu ya kukilalamikia. Ugomvi wetu ulianza nilipojiunga na majirani watatu wanaokimbia alfajiri, tukitoka Kadutu, mtaa wetu jijini Bukavu, mashariki mwa Kongo, tukishuka kuelekea Nyawera na kufika Muhumba, mahali ambapo ziwa linaonekana kati ya miti, kisha kurudi tukipanda. Anayeijua Bukavu anajua kwamba mbio za tambarare hapa ni chache: uso wa Ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, nasi wa Kadutu tunaishi juu yake kwenye kilima, kwa hiyo kila mteremko unaoufurahia asubuhi utakudai wakati wa kurudi. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa na lengelenge kati ya kidole cha nne na cha tano, likapasuka, likakauka, likarudi tena, hata nikawa nafundisha nikiwa nimevaa kandambili, jambo ambalo mkuu wa shule alilivumilia kwa siku mbili tu.

Nilijaribu kwanza dawa za nyumbani. Nilipaka vaselini kati ya vidole, ikanisaidia kwa nusu saa, kisha ikaishia kwenye soksi; nilitia poda, ikageuka kuwa tope jepesi; nilibandika plasta, ikajikunja na kuwa donge pale pale nilipotaka pawe laini. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenieleza kwa subira jambo lililobadilisha namna yangu ya kutafuta. Lengelenge, alisema, halitokani na kiatu peke yake, bali na ngozi inayoshikwa na kuvutwa upande mmoja wakati mfupa ulio chini yake unakwenda upande mwingine, na unyevu huifanya ngozi ishikamane zaidi na kile kinachoisugua. Kwangu mimi kilichoisugua ngozi kilikuwa ngozi nyingine, yaani kidole kwa kidole, na soksi ya kawaida, hata iwe nzuri namna gani, inavitia vidole vyote katika mfuko mmoja na kuviacha vitoane jasho.

Soksi za vidole nilikuwa nimekwisha kuziona katika soko la Kadutu, kwenye marundo ya mitumba, zikiwa zimechanganyika na za watoto na za wachezaji wa mpira, na kama watu wengi nilizidhania mzaha. Kumbe wazo lenyewe si jipya: Wajapani wamevaa tabi, soksi inayotenga kidole gumba na vingine, kwa karne nyingi, ili waweze kuvaa kandambili zao za kamba, na kampuni ya Injinji ya San Diego, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1999, inawatengenezea wanamichezo soksi zenye vidole vyote vitano. Mama muuzaji aliponiona nazigeuzageuza aliniuliza, "Mwalimu, utavaa glavu miguuni?" Mwenzake wa meza ya jirani akaongeza kwamba anayevaa hizo hawezi kuwahi kanisani, maana kuzivaa tu ni misa nzima. Nililipa faranga elfu tatu kwa jozi mbili zenye mistari ya rangi, nikaenda zangu nikiwa nimeridhika na bei.

Asubuhi iliyofuata, kabla hatujafika Nyawera, vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nilizilaumu soksi, na kwa kweli zilikuwa nene, lakini nilipokaa na kufikiri niliona kwamba nilikuwa sijafanya hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wangu angeifanya. Vidole vitano vina nafasi nne kati yake, na katika kila nafasi soksi hizi huweka kitambaa mara mbili, kwa hiyo kiatu kilichozoea vidole visivyo na kitu kati yake sasa kinaongezewa matabaka manane ya nguo kwa upana. Kitambaa kikiwa chembamba, ongezeko hilo halisikiki sana. Kikiwa kinene kama cha soksi zangu za mistari, kiatu kinageuka koleo. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza soksi gani anunue, namwuliza kwanza kiatu chake kikoje mbele. Kama vidole vyake haviwezi kutandazika ndani ya kiatu akiwa amevaa soksi ya kawaida, asinunue soksi za vidole mpaka apate kiatu kipana zaidi, au achague zile nyembamba kabisa.

Kosa la pili nililigundua kwa msaada wa fundi cherehani anayeshona sare za shule yetu. Soksi za mitumba mara nyingi zimepoteza kijikaratasi kinachoeleza zilivyotengenezwa, na mkono peke yake hudanganyika. Fundi alivuta uzi mmoja kwenye ukingo, akauwasha kwa kiberiti mbele yangu, akanieleza anachokitazama: uzi wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini, nailoni na poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha shanga ndogo ngumu, sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kwa kawaida huzimika yenyewe. Uzi wangu uliwaka kama karatasi. Pamba ni nzuri kitandani, lakini hunywa jasho na kulishikilia, na mtu anayekimbia Bukavu katika miezi ya mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, hahitaji kubeba maji zaidi ya yale ambayo barabara imekwisha kumpa. Kwa kukimbilia nilianza kutafuta mchanganyiko wa nailoni au poliesta na nyuzi kidogo za kuvutika, kwa sababu nyuzi hizo hazinywi maji mengi na hukauka haraka. Sufu laini ya kondoo wa merino nayo hufaa, tena hainuki upesi hata ikivaliwa siku mbili, ila ni ghali na huisha mapema isipotiwa nailoni, na binafsi nisingeitumia kwenye changarawe zetu.

Jozi iliyofuata niliinunua kwa mfanyabiashara aliyeniapia kwamba ilikuwa saizi moja inayomfaa kila mtu. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba katika soksi hizi maneno hayo ni hatari kuliko katika nguo nyingine yoyote, kwa sababu soksi ya kawaida ikiwa ndefu mno inajikunja kisiginoni tu, lakini ya vidole inakosea mahali patano kwa mpigo. Vifuko vilikuwa virefu kuliko vidole vyangu, ncha zikawa zinajikunja ndani ya kiatu na kunifinya kama punje za mchanga. Tangu siku ile napima. Nakanyaga karatasi jioni, saa ambayo mguu umevimba kidogo kwa kazi za mchana, nasimama kwa uzito wangu wote, namwomba mwanangu achore mstari kuzunguka kila kidole kwa penseli iliyosimama wima, kisha naweka soksi juu ya mchoro ule. Mguu wangu ni namba 39, lakini namba haisemi kwamba kidole changu cha pili ni kirefu kuliko gumba, wala kwamba cha tano ni kifupi na kimejikunja, na mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua.

Ukipata nafasi ya kuivaa soksi kabla ya kulipa, usiangalie ncha peke yake. Angalia shina la vidole, pale kitambaa kinapopita kutoka kifuko kimoja kwenda kingine. Kitambaa kile kinatakiwa kugusa ngozi kabisa kati ya vidole bila kuivuta. Kikibaki juu, soksi ni fupi, na ukianza kukimbia itakuwa inakukata kama uzi. Kikigusa huku ncha zikipepea, vifuko ni virefu kwako. Baada ya hapo igeuze soksi ndani nje na upitishe kidole polepole kwenye mshono wa kila kifuko. Zilizofumwa bila mshono unaosikika ni bora zaidi, na katika soksi hizi jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa mishono si mmoja tena bali ni mitano, na yote imebanwa mahali penye nafasi finyu. Jozi iliyonifaa hatimaye niliagiziwa na wifi yangu aliyekuwa anasafiri kwenda Kigali, nikampa karatasi yangu yenye mchoro aende nayo dukani kama mtu anayepeleka kipande cha kitenge ili apatiwe kinachofanana nacho. Ni nyembamba, imefika juu kidogo ya kifundo cha mguu ili changarawe zisiingie, na lengelenge lile halijarudi.

Nilidhani kwamba jozi hiyo ingenitosha pia kwa yoga, ambayo naifanya Jumamosi na wanawake kumi hivi katika ukumbi wenye sakafu ya vigae, chini ya uongozi wa dada mmoja aliyesomea tiba ya viungo. Kwa kawaida yoga hufanywa miguu mitupu, na mimi naunga mkono desturi hiyo mahali penye joto, lakini vigae vya Bukavu saa moja asubuhi havina huruma, na ukumbi unatumiwa na watu wengi ambao hatujui fangasi zao. Tulipofika kwenye mkao wa shujaa, mguu wa mbele umekunjwa na wa nyuma umenyooshwa, mguu wangu wa nyuma ulianza safari yake wenyewe juu ya mkeka, nikashuka polepole hadi paja likaniambia basi. Ulaini ule ule wa nailoni unaoiokoa ngozi ndani ya kiatu ndio uliokuwa unanitelezesha nje ya kiatu. Mwalimu wetu alikuja, akautazama mguu wangu, akasema, akiniita yaya kama tunavyowaita hapa dada wakubwa, "Yaya, hizo zina kazi yake, lakini si hapa."

Soksi za yoga zina nundu ndogo za silikoni au mpira chini ya unyayo, na nyingine zina vidole vilivyokatwa kama glavu za makondakta, ili ncha za vidole zishike mkeka zenyewe. Nimejaribu za aina zote mbili. Zile zilizofunika vidole hunipa joto, lakini katika mkao wa mti, ambapo unasimama kwa mguu mmoja na vidole ndivyo vinavyotafuta mizani, najihisi kama mtu anayeandika akiwa amevaa glavu. Zilizokatwa ndizo nilizobaki nazo. Nilichojifunza kuhusu nundu ni kwamba zinapaswa kufika hadi chini ya vifuko vya vidole na ukingoni mwa kisigino, na si katikati ya unyayo tu, kwa kuwa sehemu ya katikati mara nyingi haigusi hata sakafu. Zikiwa zimebandikwa kama vibandiko ambavyo ukucha unaweza kuvibandua, ziache sokoni. Jirani yangu mmoja alitaka kubana matumizi akakimbia na soksi zake za yoga: nundu zilishika soli ya ndani ya kiatu kiasi kwamba unyayo haukuweza kusogea hata kidogo, akarudi na nyayo zinazowaka moto, na kufikia wiki ya pili nundu zenyewe zilikuwa zimesagika.

Kuna jambo moja ambalo nililitarajia kutoka kwa soksi za vidole na ambalo hazikunipa. Kucha za vidole vyangu gumba zilikuwa zinageuka nyeusi kwa damu inayovilia chini yake, na niliamini kwamba vidole vikitenganishwa zitapona. Hazikupona, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa mteremko: unaposhuka, mguu unateleza mbele ndani ya kiatu na ukucha unagonga ukuta kwa kila hatua. Nilichohitaji kilikuwa kiatu chenye nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu zaidi, kamba zilizopitishwa hadi tundu la mwisho ili kisigino kikae mahali pake, na kucha zilizokatwa fupi, ambazo pia huzinusuru soksi, maana ukucha mrefu hutoboa kifuko katika mbio chache tu. Vilevile sikubaliani na wauzaji wanaosema kwamba soksi hizi hunyoosha vidole vilivyopinda au kutibu fangasi. Kukauka kati ya vidole kunawanyima fangasi mahali wanapopapenda zaidi, hilo ni kweli, lakini waliokwisha kuingia wanahitaji dawa. Na kidole changu cha tano, baada ya muda wote huu, bado kinalala pale kilipolala.

Kuzifua si kazi kubwa. Nazigeuza ndani nje, nafua kwa mkono kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, naziminya bila kuzikamua kwa kuzisokota, kisha nazianika kivulini, kwa sababu jua kali na pasi huziharibu nyuzi za kuvutika na kukausha silikoni. Zile za mistari sikuzitupa: ni soksi zangu za kulalia katika baridi za usiku wa Julai.

Kuzivaa, ndiyo, kunachukua muda. Naanza na kidole cha tano cha kushoto, kinyume na watu wengi wanaoanza na gumba, kwa kuwa nikikiacha mwisho hakiingii tena. Nakinyoosha kwa mkono, nakiingiza, kisha vingine vinafuata. Wenzangu hunisubiri nje ya lango gizani, na wakiona nimekawia mmoja wao huuliza kwa sauti ya kunong'ona, ili asiwaamshe watoto, "Mwalimu, misa bado haijaisha?"