Pipa Lilinuka, Chaga Nne Zikanipa Mboji

Natengeneza mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza, kwa ajili ya mboga zangu. Nianze na ushauri wa kuitia chokaa, maana bado unazunguka mitaani na mimi ulinigharimu mboji ya karibu miezi miwili.

Niliambiwa mboji ikinuka inyunyizie chokaa. Nilikuwa na pipa la plastiki la lita 200, nimelitoboa matundu machache chini kwa msumari wa moto, mfuniko umekaza barabara. Kila jioni lilipokea maganda ya ndizi na muhogo, mashina ya mchicha na machicha ya nazi. Masika yakaanza. Wiki ya tatu ya mvua pipa likatoa harufu ya yai viza na kuvuja maji meusi. Nikatia chokaa, kama kilo mbili hivi. Kesho yake harufu ya yai viza ilikuwa imepungua, lakini badala yake ikaja nyingine ya kuchoma macho, ile ya banda la kuku lisilosafishwa. Hiyo ni amonia. Chokaa inapunguza asidi, na asidi ikipungua kiasi hicho, naitrojeni iliyomo kwenye taka inageuka gesi na kupaa. Chakula cha mboga zangu za bustani ndicho kilichokuwa kikinichoma macho. Majivu ya mkaa yakizidi hufanya hivyohivyo. Kopo dogo kwa ndoo nzima ya taka linatosha.

Nilipolimwaga pipa ndipo nilipoelewa. Juu, kama sentimita kumi tu zilikuwa zimeoza vizuri. Katikati machicha yalikuwa yameshikana kama kitumbua, yana mafuta, hayapitishi maji wala hewa. Chini kulikuwa na tope la kuteleza. Hakukuwa na jani kavu hata moja. Taka za jikoni sehemu kubwa ni maji. Zikilaliana zenyewe kwa zenyewe hubanana na hewa huisha. Hapo wanaoshika kazi ni vijidudu visivyohitaji hewa, na uvundo wote ni wao. Dawa yake ni vitu vikavu na kupindua rundo, basi.

Kosa la pili la pipa ni udogo. Rundo hupata joto likiwa na angalau mita moja kila upande, yaani lita 1,000. Lita 200 ni moja ya tano tu ya hapo, na joto lote hutorokea pembeni. Taka zitaoza hata hivyo, ila taratibu, na mbegu za magugu hazitakufa.

Ndiyo maana nikahamia kwenye chaga, zile za mbao za kupangia mizigo ghalani. Nilichukua nne, elfu tano au sita kila moja. Angalia mhuri uliochomwa kwenye mbao: HT ni mbao zilizotibiwa kwa joto, chukua, MB ni zilizofukizwa kwa sumu, ziache. Tatu nilizifunga kwa waya wa kufungia nondo, ya nne ikawa mlango wa mbele unaofunguliwa kwa kamba. Chini usiweke sakafu. Weka vijiti na mabua, unene wa sentimita 20, hewa ipande kutoka chini.

Sasa hesabu ambayo sikuelezwa na yeyote: boksi hilo linameza ndoo 50 za lita 20, na jiko la kawaida haliwezi kutoa kiasi hicho kwa mara moja. Nilikusanya kwanza. Majani makavu ya mwembe niliyajaza kwenye viroba tangu kiangazi na kuviweka pasiponyesha, kwa sababu masika yakishafika hupati jani kavu popote. Taka mbichi nilizipata siku moja sokoni, majani ya kabichi na maganda, bure kabisa, wachuuzi wanafurahi kuondolewa. Nikaongeza ndoo tatu za mbolea ya kuku. Kipimo changu ni ndoo mbili kavu kwa moja mbichi: kama 33 kwa 17, ya kuku ikihesabiwa kwenye mbichi. Maranda yana kaboni nyingi mno kuliko majani, hivyo nayapa nafasi ndogo, ndoo moja kwa mbichi mbili. Machicha ya nazi sasa nayachambua kwa mkono na kuyachanganya na majani makavu kabla hayajaingia. Kifuu usihangaike nacho, hakiozi leo wala mwakani.

Katikati ya boksi nilisimamisha mzigo wa mabua ya mahindi, unene wa paja, kutoka chini hadi juu. Hilo ndilo bomba la moshi la rundo: hewa moto hupandia hapo na baridi huvutwa toka chini. Nililijaribu bila mabua mara moja, katikati pakachacha. Tangu hapo sijayaacha.

Maji nayapima kwa kiganja. Kamua konzi ya taka za rundo: yakitoka matone mawili matatu, sawa; yakitiririka, ongeza makavu; isiposhikana kabisa, mwagilia. Sisimizi wakihamia ndani, rundo ni kavu.

Kipimajoto sina. Nina nondo ya milimita 10, urefu mita moja na nusu, inayokaa imechomekwa kwenye rundo muda wote. Siku ya tatu naichomoa na kushika ncha. Nikishindwa kuivumilia zaidi ya sekunde chache, joto liko karibu na nyuzi 60, na hapo ndipo panapotakiwa. Ikitoka na ukungu mweupe kama majivu, katikati pamekauka. Ikitoka imelowa na inanuka, geuza leo, usingoje kesho. Ikiwa ya uvuguvugu tu wakati rundo ni bichi bado, huenda naitrojeni haitoshi. Ongeza mbolea ya kuku.

Joto likishuka, kwangu huwa kama siku ya kumi, napindua: cha nje kiende ndani, cha ndani kije nje. Inachosha, lakini ndiyo kazi yenyewe. Baada ya wiki mbili nyingine napindua tena, kisha naliacha lipevuke. Rundo limeshuka hadi nusu. Wakati wa mvua nalifunika kwa turubai lililoinuliwa kwa fito, lisigusane na taka.

Ndago, lile gugu lenye vijiazi ardhini, sitii hata kwa dawa, isipokuwa vijiazi vyake vimeanikwa juu ya bati mpaka vikauke kabisa. Mifupa na utumbo wa samaki huita panya. Ukikuta funza wanene weupe waliojikunja, chunguza: kwetu Pwani yule mende mwenye pembe anayetoboa minazi hutaga kwenye vitu vinavyooza. Mimi nawatoa wakati wa kupindua na kuwapa kuku.

Miezi mitatu, zaidi kidogo, ikatoka nyeusi, yenye harufu ya ardhi baada ya mvua. Usiikimbilie shambani. Weka konzi iliyolowanishwa kwenye kopo lenye kifuniko siku tatu. Ukifungua ikinuka, bado. Halafu panda mchicha kwenye kopo la mboji na jingine la udongo. Kama wa mboji unachelewa au unapauka, iache wiki nyingine mbili, maana mboji isiyoiva hunyang'anya mche naitrojeni.

Kwa tuta naweka ndoo moja kwa kila mita ya mraba, nachanganya na udongo wa juu. Kwa kitalu: udongo tatu, mboji mbili, mchanga moja. Nachekecha kwa wavu wa nusu inchi uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao, na makapi yanayobaki juu ya wavu naweka tabaka la kwanza la rundo linalofuata, yakiwa yamejaa vijidudu tayari kwa kazi.