Tazama tarehe ya mwisho kwanza: nilivyochagua mfumo endeshi wa seva na laptopu

Ushauri unaoniudhi kuliko wote ni ule wa "weka toleo jipya kabisa, ndilo lenye kasi". Kwenye kompyuta ya majaribio, sawa. Kwenye seva yenye hifadhidata ya watu, hapana. Mimi niliuliza kwanza: viraka vya usalama vya mfumo huu vitakoma lini, na nani ana mamlaka ya kuibadilisha tarehe hiyo?

Sehemu ya pili ya swali hilo husahaulika sana. CentOS 8, mfumo wa bure wa seva uliofuata Linux ya kampuni ya Red Hat, ilitoka Septemba 2019, na waliosakinisha walitegemea viraka hadi 2029. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba mwisho wake ni 31 Desemba 2021. AlmaLinux na Rocky Linux zilizaliwa kuziba pengo hilo, na zote mbili ni nzuri, hasa kama programu yako imethibitishwa rasmi kwa Red Hat. Mimi sikuwa na sharti hilo, nikaenda Debian, Linux nyingine ya bure. Toleo la 12 lilitoka Juni 2023 na linahudumiwa kwa miaka mitatu, kisha miwili zaidi ya huduma ya muda mrefu, yaani hadi Juni 2028. La 13 lilitoka Agosti 2025. Ukipenda Ubuntu kwa seva, chukua LTS (toleo la huduma ya muda mrefu) tu, kama 24.04 yenye miaka mitano ya viraka; matoleo ya katikati huachwa baada ya miezi tisa.

Hata hivyo sikuutupa ule ushauri wa toleo jipya bila kuupima. Niliunda mashine pepe mbili, moja ya Arch (Linux inayopokea matoleo mapya mfululizo), nyingine ya Debian, zote zikiwa na programu ya hifadhidata ya PostgreSQL 15 na nakala ya data halisi, kisha nikaziacha zijisasishe. Siku PostgreSQL 16 ilipofika Arch, pacman, kisakinishi cha Arch, ilisasisha kila kitu bila kulalamika, na hifadhidata ikakataa kuwaka. Logi ilieleza wazi: saraka ya data iliandaliwa na toleo la 15, na programu ya 16 haiwezi kuisoma. Data haijaharibika, lakini ili kuihamisha kwa pg_upgrade unahitaji programu za toleo la zamani, ambazo pacman imeshaziondoa. Inabidi usakinishe postgresql-old-upgrade, uunde saraka mpya kwa initdb, ndipo uhamishe. Yote hayo huduma ikiwa chini.

Debian hukwepa hilo kwa ujanja mdogo sana: namba ya toleo iko ndani ya jina la kifurushi, postgresql-15. Ukipanda kutoka Debian 12 kwenda 13, toleo la 17 linasakinishwa pembeni, lile la 15 linaendelea kuhudumia kwenye mlango wake wa mtandao (port) wa 5432. Siku ukiwa tayari, unafuta klasta (saraka ya data na huduma yake) tupu ya 17 kwa `pg_dropcluster --stop 17 main`, kisha `pg_upgradecluster 15 main`. Klasta ya zamani inabaki imezimwa, isubiri uridhike. Hapo ndipo hoja ya seva iliponiishia.

Kwa laptopu mambo ni tofauti, kwa kuwa anayeamua ni maunzi. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha yake, hivyo mashine nyingi nzima zimefungiwa mlango. Watu huambiwa wajaribu Linux kwa flashi. Flashi inadanganya: kuandika mafaili madogo madogo juu yake ni polepole mno, na mtu anaulaumu mfumo kwa kosa la flashi. Nilitumia SSD ya nje ya USB 3, ndogo tu, nikasakinisha mfumo kamili juu yake, na kuizungusha kwenye mashine moja baada ya nyingine bila kugusa diski za ndani.

Hapa kuna mitego mitatu. Wa kwanza, baadhi ya visakinishi huweka GRUB (programu inayowasha Linux) kwenye patisheni ya EFI, yaani sehemu ya kuwashia, ya diski ya ndani hata ukichagua ya nje. Kwenye kompyuta ya mezani chomoa waya wa diski ya ndani. Kwenye laptopu, fungua GParted, programu ya kupanga patisheni, kabla ya kusakinisha, ondoa alama za boot na esp kwenye patisheni ya EFI ya ndani, sakinisha, kisha zirudishe mara moja. Kama kuna BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, nakili ufunguo wa kurejesha kabla ya chochote.

Mtego wa pili: GRUB kwa kawaida hujiandikisha kwenye kumbukumbu ya ubao mama wa mashine moja, na mashine nyingine haiijui. Ndani ya mfumo mpya endesha:

`grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable`

Hiyo huweka faili kwenye EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, mahali ambapo UEFI yoyote (programu ya ubao mama inayowasha mashine) hutazama. Wa tatu uko kwenye /etc/initramfs-tools/initramfs.conf. Hakikisha imeandikwa MODULES=most. Ikiwa ni dep, picha ya kuwashia hubeba draiva za mashine iliyosakinishia tu, na kwingine utaishia kwenye terminali ya initramfs bila diski. Ukibadilisha, endesha `update-initramfs -u`.

Ukishawaka, usipime kwa kuvinjari tu. Funga kifuniko, fungua, uone kama wifi inarudi. Hapo ndipo laptopu nyingi hushindwa. Chomeka projekta. Rekodi sauti kwa maikrofoni ya hedifoni. Chapisha ukurasa mmoja. Kisha `lspci -k` ikuonyeshe kifaa kisicho na draiva, na `journalctl -b -p err` ikuambie faimwea (programu ya ndani ya kifaa) ipi inakosekana. Tangu Debian 12, faimwea zisizo huria zimo ndani ya kisakinishi rasmi, hivyo shida za wifi zimepungua sana.

Nyaraka za Word hupangika vibaya kwenye Linux kwa sababu ya fonti kuliko kitu kingine chochote. Vifurushi vya fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea vina fonti zenye vipimo sawa na Calibri na Cambria, na mistari hubaki mahali pake.

Anayetegemea programu ya Windows pekee, hasa ya uhasibu, mwachie Windows. Kumlazimisha ni kumwonea. Akitaka mifumo miwili, endesha `powercfg /h off` kwanza upande wa Windows, la sivyo uwashaji wa haraka huiacha patisheni ya NTFS nusu usingizini na Linux itaisoma tu bila kuandika. Saa nayo itapishana, kwa kuwa Windows huweka saa ya mahali kwenye ubao mama na Linux huweka ya UTC. Upande wa Linux, `timedatectl set-local-rtc 1` inatosha.

Mashine ya biti 32 usiipangie Debian 13, haina kisakinishi chake. Ya 12 ndiyo kituo chake cha mwisho.