Betri yangu iliwasha injini, lakini haikuweza kukesha

Miaka mitano mfululizo ndege yangu haikuwahi kunigomea. Nawasha swichi kuu, napiga selfu, panga linazunguka mara mbili tatu, injini inashika. Kwa hiyo betri sikuwa na habari nayo kabisa.

Ndege yenyewe ni RV-9A, ya watu wawili, mabati ya alumini niliyoyapiga ribiti mwenyewe gerejini kwangu hapa Minnesota kwa miaka saba. Marekani ndege uliyoijenga kwa mikono yako unaruhusiwa kuitengeneza mwenyewe, na mimi mjenzi nina cheti cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, cha kuikagua kila baada ya miezi 12. Raha tupu, ila likiharibika jambo huna fundi wa kumgombeza.

Desemba moja nilitoka hanga, banda la ndege, nikasahau kuzima swichi kuu. Rilei yake, kile kiungio cha umeme kinachoshikiliwa na sumaku, peke yake inakula karibu ampea nzima, na betri yangu ni ya ampea-saa 16, yaani kama ampea moja kwa saa 16. Kesho yake nikakuta maiti. Nikaichaji usiku kucha, mita ikasoma volti 12.7, nikapiga selfu, injini ikawaka. Nikajipongeza.

Jumapili nikampigia kaka yangu, fundi wa malori Moshi.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Ndege haijambo?”

Nikamsimulia. Akanyamaza kidogo. “Mdogo wangu, kuwasha injini ni kazi ya sekunde tano. Hiyo betri inaweza kukesha?”

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Injini yangu ina magneto upande mmoja, kifaa kinachojitengenezea umeme wa plagi chenyewe, kwa hiyo haitegemei betri ili iendelee kunguruma. Lakini alteneta inayochaji betri ikifa angani, redio, skrini za kuongozea, transponda inayoitambulisha ndege kwenye rada, na pampu ya akiba ya mafuta, vyote vinaning’inia kwenye betri. Nilijumlisha vile nisivyoweza kuvizima: ampea 4 na ushee. Kutoka mji wa Duluth hadi nyumbani ni kama saa nzima, na majira ya baridi giza linaingia mapema.

Kaka akanipa dawa anayoitumia kwenye malori: globu ya taa ya mbele ya gari. Ya wati 55 inavuta ampea kama 4.5, karibu sawasawa na mahitaji yangu. Niliileta betri nyumbani ipate joto la chumbani, maana baridi inaipunguzia nguvu hata betri nzima, nikaichaji mpaka ikajaa, nikaiacha itulie usiku mmoja. Asubuhi nikaunga globu, nikaweka mita na saa pembeni. Masharti: betri ikishuka hadi volti 10.5, zima, andika muda.

“Baba Neema, hiyo taa inafanya nini mchana kweupe juu ya meza yangu?” Mke wangu aliuliza mara mbili. Hakuhitaji kuuliza ya tatu. Baada ya dakika 40 mwanga ulianza kuwa wa njano, na dakika ya 52 mita ikagonga 10.5. Betri ambayo kila asubuhi ilikuwa inawasha injini bila kusitasita isingenifikisha nyumbani.

Kununua nyingine haikuwa na mjadala. Ipi ndiyo ilikuwa shughuli. Majirani zangu wa hanga wanasifia lithiamu: haifiki hata kilo 2, wakati ya madini ya risasi, kama yangu, ina kilo 7. Ila kwenye RV-9A betri inakaa mbele, kwenye ukuta wa kuzuia moto nyuma ya injini. Ukipunguza kilo 5 hapo, uzito wa ndege unarudi nyuma, inabidi upige upya hesabu za mizani. Tena lithiamu kwenye baridi kali huamka kwa uvivu. Nikachukua ya risasi, AGM ileile isiyoongezwa maji.

Kuibadilisha ni nusu saa, ukiheshimu mpangilio. Hasi inatoka kwanza na kurudi mwisho. Ukianza na chanya, spana yako ikagusa bodi, unapata cheche ya kuchomelea vyuma. Mimi spana yangu namba 10 nimeiviringishia tepu ya umeme mpini wote, unabaki mdomo tu. Waya wa ethi nilipoufungua nikakuta pete yake imefanya weusi. Nikaipiga msasa laini mpaka ikang’aa. Wengi hununua betri mpya bure, ubovu uko kwenye pete kama hiyo. Boliti za vichwa vya betri ni ndogo, usizikaze kama unakaza tairi. Nikapima uzito, nikaandika kwenye daftari la ndege, nikawasha na kuangalia chaji: volti 14.3. Ingepita 15 ningezima palepale.

Ile mpya nilishaipa mtihani wa globu mezani kabla ya kuifunga: saa 2 na dakika 50. Sasa kila ukaguzi wa mwaka naurudia, na siku itakaposhuka chini ya saa moja na nusu inatoka, hata kama inawasha injini kama umeme. Na kwenye mlango wa hanga nimebandika karatasi nyekundu: SWICHI KUU?

Kaka nilimtumia picha ya betri ya zamani nikiwa naipeleka kwa wanaozichakata upya. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka: “Umetupa betri ya dakika 52? Ungenitumia. Hapa kijiweni ingepiga redio mpaka Pasaka.”