Nilivyopima betri za keekee kwa mizani ya keki

Kuna watu mjini hapa Unguja wananiita Fundi Halua. Mie ni seremala, karakana yangu iko Fuoni, na ninachokijua kuhusu halua ni kuila tu. Jina nilipewa na muuza duka mmoja wa Mlandege siku nilipoingia dukani kwake, nikatoa mizani kwenye mkoba wa ukili, nikamwomba betri tatu za keekee nizipime. Akanitazama, akawatazama wateja wengine, akasema, "Sheikh, unataka robo au nusu kilo?" Duka zima likaangua kicheko. Nikapima hivyo hivyo, na betri mbili kati ya zile tatu nikamrudishia.

Mambo yalianzia Jambiani. Nilipata kazi ya kufunga milango kumi na minne kwenye nyumba ya wageni, milango ya mninga, mizito. Umeme ulikuwa bado haujaingizwa na jenereta la mwenye nyumba lilikuwa la wapiga zege, sisi wengine tutajijua. Kwa hiyo nilihitaji mashine za betri. Rafiki yangu mmoja, fundi wa alumini, akanipa ushauri ambao mpaka leo nikimwona namkumbusha: "Wewe angalia volti. Ikiwa kubwa, nunua, usipoteze muda."

Basi nikaangalia volti. Nikapata boksi lina keekee, betri mbili, chaja na vichwa vya bisibisi vya kutosha kufungulia duka langu mwenyewe. Juu limeandikwa 128V kwa herufi za dhahabu. Laki moja na kitu. Fundi jirani yangu alikuwa na ya Kijapani ya volti 18, rangi imebabuka, aliyoinunua kwa kama mara tatu ya bei hiyo. Nilimwonea huruma, wallahi. Nikamwambia akitaka kuazima yangu asione haya.

Mlango wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda kwa kusuasua. Wa tatu, skrubu ya inchi tatu ikaingia nusu, keekee ikaguna kama mtu aliyekumbushwa deni, kisha kimya. Nikaweka betri ya pili. Skrubu nne. Saa nne asubuhi, mlango uko begani, betri zote mbili zimekufa, na kijana wangu anapanda beskeli kwenda kuomba umeme kwenye duka la barabarani. Akarudi baada ya saa moja na nusu, zimejaa zote mbili. Ningekuwa na akili ningejiuliza papo hapo: betri gani ya volti 128 inayojaa kwa muda wa kunywa chai na kumaliza sahani ya mihogo? Lakini nilimpongeza kwa kuwahi. Milango iliyobaki nilifunga zaidi kwa bisibisi ya mkono kuliko kwa mashine. Kiganja kikafanya malengelenge, kazi ya siku mbili ikawa ya siku tano.

Niliporudi nikaifungua betri moja barazani. Wacheza bao wakasimamisha mchezo kuja kuangalia. Kasha limetengenezwa kubeba seli kumi, yaani vile vibetri vidogo vya ndani, unaona kabisa vitundu vyake, lakini ndani zimo tano, zimepangwa upande mmoja kama abiria wanaokimbia jua. Upande wa pili hewa. Mzee mmoja pale akasema, "Mashimo kumi kete tano. Hii imeliwa kabla haijachezwa."

Hasira zile ndizo zilizonifundisha hesabu. Seli moja ya lithiamu ya aina hii inahesabiwa volti 3.6, na ikijaa pomoni inafika 4.2. Ukiziunga tano kwa kufuatana unapata 18, na zikijaa 21. Ndiyo maana kampuni moja inaandika 18V, nyingine 20V, nyingine 21V, na ndani ni seli tano zile zile. Anayekwambia ya 20 ina nguvu kuliko ya 18 mwache aendelee na safari yake. Fundi umeme mmoja aliniazima mita, nikaigusisha kwenye ile ya 128 ikiwa imejaa: 20.7. Ili ufike 128 kweli ungehitaji seli kama thelathini na tano. Seli moja ya kawaida, ile yenye unene wa milimita 18 na urefu wa 65, ina gramu kama 45. Betri peke yake ingepita kilo moja na nusu. Ungekuwa unafunga skrubu kwa jiwe la kusagia.

Na hapo kwenye gramu ndipo nilipozinduka. Volti wanaweza kuandika wanavyotaka. Ampea-saa nazo wanaandika wanavyotaka, na hizo ndizo zenye maana, maana ukizizidisha kwa volti unajua betri imebeba kiasi gani: 18 mara 2 ni wati-saa 36, 18 mara 4 ni 72. Lakini seli haziandikiki, lazima ziwemo. Betri ya kweli ya ampea-saa 4 au 5 mara nyingi ina seli kumi, mafungu mawili ya tano tano, kwa hiyo pamoja na kasha lake inacheza kwenye gramu 600 na zaidi kidogo. Yenye seli tano za unene ule haifiki 400. Kwa nini basi nibishane na mtu? Mke wangu anauza keki, ana mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Nikamwomba. Akaniambia, "Ikirudi na grisi, utakula hizo betri futari."

Betri za duka lile la Mlandege zote tatu zilikuwa zimeandikwa 5.0. Moja ilisoma 372. Ya pili 640. Ya tatu ilisoma 610, nikafurahi, nikaitikisa kwa mazoea tu kama mtu anavyotikisa nazi, nikasikia kitu kinagonga ndani. Mwenye duka akasema ni spring. Spring ya nini kwenye betri? Nikamwambia aifungue, nikiikuta nzima nalipa mara mbili. Hakuifungua. Kwa hiyo siku hizi natikisa kwanza, ndipo napima.

Siku nyingine, duka jingine, nilikuwa natazama keekee ambayo muuzaji anaapa ni brashlesi, yaani mota yake haina vile vipande vya kaboni vinavyosugua na kulika. Mota ya aina hiyo haipotezi umeme mwingi, na betri ile ile inakufikisha mbali zaidi. Ndiyo maana bei inapanda. Imeandikwa kwa kijani ubavuni, nzuri. Pesa nimeshaanza kuhesabu. Mara umeme ukakatika, duka likawa giza, wenye majenereta nje wakaanza kuvuta kamba. Mimi mkononi nina keekee yenye betri, nikabonyeza tu kwa kuchezea. Kwenye vile vitundu vya kupitisha hewa nikaona cheche za buluu zinarukaruka, kama vimulimuli ndani ya chupa. Cheche hizo zinatoka kaboni inaposugua. Mota isiyo na kaboni haina pa kutolea cheche. Nikamwita muuzaji aje atazame. Akatazama, akanyamaza kidogo, akasema, "Fundi, hii huenda wamebadilisha boksi." Tangu hapo mashine ikidaiwa brashlesi naichungulia chini ya meza nikiwa nimejifunika kanzu. Wanicheke tu, nimeshazoea.

Kingine ninachoangalia ni taya zinazoshika ncha ya kutobolea. Tia ncha ndefu, zungusha polepole, tazama mwisho wake. Mwisho huo ukicheza duara kubwa, tundu lako kwenye mvule litakuwa yai.

Makosa mengine niliyafanya bila kuhitaji msaada wa mtu. Niliwahi kununua chaja ya mtumba iliyotoka Japani, safi kabisa, bei ya bure, nikaichomeka ukutani. Japani umeme wao ni volti 100, wetu 230. Moshi ulitoka kabla sijakaa kitako. Za mitumba kutoka Uingereza hazina shida hiyo, mpaka plagi yenyewe ya pini tatu inaingia. Soma nyuma ya chaja, wameandika.

Na kuna fundi mmoja mkubwa, namheshimu, aliyeniambia betri iishe kabisa kabisa ndipo uichaji. Hiyo ilikuwa sheria ya betri za zamani za nikeli. Ya lithiamu niliimaliza hadi tone la mwisho Shaabani, nikaiweka kabatini Ramadhani yote kwa kuwa kazi zilikuwa chache, Idi Pili naiweka kwenye chaja, chaja ikakataa kuitambua. Imeshuka mno. Sasa nikiona inazubaa naichaji, nikiiweka stoo naiacha nusu, na ikitoka kazini ya moto naiacha ipoe kwanza. Ukiwa unafanya kazi pwani, futa na vile vibati vya kugusana, chumvi haina huruma.

Mwisho nilinunua nini? Ile ile niliyomwonea mtu huruma, Makita ya 18. Mtindo ule wa betri ya kuteleza wanao tangu 2005, na mashine nyingi za zamani zinakubali betri mpya. Hapo ndipo hesabu inapokaa, maana gharama iko kwenye betri na chaja. Keekee nilinunua nzima, lakini grenda na jigsoo nilichukua tupu, bila betri, kama nusu ya bei, nikagawia betri zile zile. Betri mbili za nyongeza alinibebea ami yangu kutoka Maskati. Nilimwambia achukue za ampea-saa 5, asichukue za 6, kwa sababu 18 mara 5 ni wati-saa 90, na kwenye ndege chini ya 100 unabeba kwenye mkoba wa mkononi bila kuomba ruhusa ya shirika. Za 6 zinafika 108. Alipofika nikampa mkono, nikatoa mizani. Alikasirika kidogo, kwa haki yake. 634 na 637.

Mwenye nyumba wa Jambiani ameniita tena, safari hii makabati ya jikoni. Mizani ilirudi na grisi kama ilivyotabiriwa, nikalazimika kununua nyingine, na mke wangu alikuja dukani mwenyewe na pakiti ya sukari ya kilo moja mkobani, akaipima kwenye kila mizani kabla hajakubali.