Kuvisha kaboni vipande vya pikipiki vinavyopata moto

Nyuzi za kaboni haziogopi joto la injini. Kinachoshindwa ni resini, yaani gundi ya majimaji inayoganda na kuzishika. Epoksi ya kawaida iliyokauka kwa joto la chumba huanza kulegea kati ya sentigredi 60 na 80, na kava ya klachi hupata joto linalozidi hapo kwa urahisi. Kwa hiyo pima kwanza. Endesha nusu saa, zima, subiri dakika tano (upepo ukikatika, joto hupanda), kisha tumia kipimajoto cha infraredi. Chuma kinachong'aa hukidanganya, kikasoma chini ya joto halisi. Paka doa jeusi lisilong'aa na upime hapo. Chagua resini ambayo kiwango chake cha kulegea, baada ya kuivishwa (kukomazwa kwa joto la oveni), kinazidi kipimo chako kwa sentigredi 30 hivi.

Bomba la ekzosi lenyewe liache. Hakuna epoksi ya kuvishia itakayolivumilia. Ngao yake inawezekana, mradi isimame mbali na bomba kwa milimita 8 hadi 10 na mgongo wake ubandikwe karatasi ya alumini ya kurudisha joto.

Ondoa sili na kila kitu cha mpira. Kwaruza kwa msasa namba 120 hadi mng'ao wote uishe, futa kwa asetoni, usiguse tena kwa mkono mtupu. Alumini ya kumiminwa ina vitundu vyenye hewa: ipashe moto kidogo, upake resini inapoanza kupoa, ili hewa inywee ndani badala ya kutoa mapovu. Resini na hadina (dawa ya kuigandisha) pima kwa mizani, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Kuongeza hadina ili ikauke haraka ni kujiharibia. Kinachozidi hubaki ndani na kuilainisha.

Koti la kwanza, lenye rangi nyeusi, lifunike chuma chote. Si urembo tu: kaboni ikigusana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo huliwa, na kitambaa cha kaboni huvimba. Koti likishika kidole bila kuchafua, laza kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, cha msuko wa mshazari, ukianzia katikati kwenda kingoni. Usivute, msuko ukipinda haurudi. Kisha makoti mawili au matatu ya resini, ukisawazisha kwa msasa.

Chini ya vichwa vya bolti na kwenye uso wa gasketi usiweke kaboni wala resini kabisa. Resini yenye moto hubonyea polepole, bolti inalegea, mafuta yanavuja.

Wengi hukosea kwa kung'arisha kabla ya kuivisha. Kipande kikipata moto mara ya kwanza barabarani, resini hunywea na msuko hujichora juu. Kiivishe kwanza kwenye oveni isiyo ya chakula, ukipandisha sentigredi 10 kwa saa hadi kiwango cha kopo, ukishikilia kwa saa zilizoandikwa na kukiacha kipoe humo humo. Kama chini ni plastiki, kikomo ni cha plastiki, si cha resini.

Baada ya hapo ndipo msasa wa maji, 400 hadi 1200, barakoa usoni, na klia (koti la juu linaloonyesha) ya poliyurethani ya kuzuia jua lisigeuze epoksi kuwa njano. Nayo iwe ya kuhimili joto lile lile ulilopima.