Tafakari ya wiki: Kupanda kwenye vumbi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tukae na Zaburi ya 126, hasa pale mwisho, wapandao kwa machozi, maana huu mwezi wa kumi na moja ndo msimu wake kabisa, na mtu wa Dodoma akiisoma sasa hivi hahitaji kufafanuliwa sana.

Toka mwezi wa tano hatujaona mvua ya maana. Vumbi, upepo, makorongo yamebaki mchanga mtupu, akina mama wanafukua huo mchanga wapate ndoo moja ya maji, ng'ombe mbavu nje nje. Halafu katikati ya ukavu huo huo, tone halijadondoka, unaona mbuyu umeanza kutoa majani! Waliouchunguza wanasema unachipua kwa maji uliyoyatunza ndani ya shina, hausubiri mvua, na kiukweli mimi kila mwaka nikiuona hivyo namshukuru Mungu kwa sauti hata kama niko barabarani. Mbayuwayu nao wamesharudi, wale wale ambao wakionekana Uingereza mwezi wa nne watu wa kule wanajua baridi inaisha, na Yeremia 8:7 anasema hao ndege wanajua majira yao kuliko sisi tunavyomjua Bwana. Neno zito hilo.

Sasa kwenye Wimbo Ulio Bora sura ya 2 maua yanatokea mvua ikishaisha, kwasababu nchi ile mvua zao zinakuja na baridi, kwetu ni kinyume. Lakini ile Zaburi ya 126 mstari wa 4 unataja vijito vya kusini, na kusini ya Israeli ni nchi kame, vijito vyake vinakauka kabisa mpaka siku mvua inyeshe huko juu ndo maji yanashuka kwa kishindo. Mtu wa Bahi au Mpwapwa anaijua hiyo, juu yako mbingu nyeupe, korongo linakuja limejaa.

Ila dalili hazishibishi mtu wapendwa, na hapa ndo nataka tukae kidogo. Wengi wetu vijijini tunaberega, hatulimi kwanza, unachimba kishimo na jembe kwenye udongo mkavu unatupia uwele au mtama unafukia unasonga mbele, na ile mbegu ni chakula, ungeweza kuisaga leo watoto wakala ugali. Ghala liko karibu tupu na wewe unachukua kilichobaki unakizika kwenye vumbi. Nani atashangaa mtu akilia hapo? Zamani nilikuwa nasikia haya machozi yakihubiriwa kama machozi ya maombi tu, na sikatai, lakini mimi naamini mwandishi alimwona mkulima mwenye njaa kabisa, na Mungu akaona machozi yake yanafaa kuingia kwenye Maandiko.

Tena kuna miaka mvua inadanganya. Inanyesha mara moja, kumbikumbi wanatoka, watoto wanafurahi, mbegu inaota, afu jua kali wiki tatu na kila kitu kinanyauka, inabidi kupanda upya. Asije mtu akamwambia ndugu yake aliyepitia hayo kwamba imani yake ilikuwa ndogo, sio kweli na inaumiza sana. Yakobo 5:7 anasema mkulima anavumilia mpaka mvua ya kwanza na ya mwisho, kwahiyo kungoja katikati ya mvua mbili nako ni imani, na aliyerudi shambani mara ya pili na mbegu ya kukopa mimi namheshimu kuliko aliyepata mara ya kwanza. Zaburi inasema huyo anayekwenda akilia atarudi na miganda yake, haisemi ni mwezi gani wala baada ya kupanda mara ngapi.

Na tuangalie jambo moja, zaburi hii inaanza na "sisi", tulikuwa kama waotao ndoto, huyu anayelia na mbegu mkononi ni wa watu fulani, ana wenzake. Kwahiyo wiki hii kabla wingu halijakaza, mpitie jirani yako, hasa wajane na wazee wanaolea wajukuu, muulize ana mbegu? Kama hana na wewe una debe, mpimie. Na kama ni wewe usiye na mbegu usione aibu, mwambie mzee wa kanisa au mama yeyote wa jumuiya mapema, Jumapili tutaziombea mbegu zote pamoja na itapendeza kila mtu awe nayo mkononi.