Picha ya kaku: jinsi tulivyowapatia majina watu wa Elisabethville

Ukiwa na picha ya zamani na unataka kujua ni akina nani wamo, uso uache wa mwisho. Nasema hivi kwa sababu ya picha moja ya kaku wangu, mzaa mama, iliyopigwa Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa hadi 1966. Watu tisa wamejipanga mbele ya nyumba ya matofali, katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya shaba. Kwa miaka mingi ukoo wetu uliamini kwamba unawajua wanne kati yao. Baada ya utafiti, wawili wa hao wanne, na mmojawapo ni yule tuliyempenda kuliko wote, waligeuka kuwa watu wengine.

Kwetu picha ni chache. Baba yake kaku alitoka Kasai wakati reli ya BCK ilipofika Ilebo mwaka 1928, akaja kufanya kazi kwenye shaba kama vijana wengi wa huko. Halafu mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga, ndugu zetu wa Likasi na Kolwezi walipanda treni na kile mikono ilichoweza kubeba. Albamu zilibaki nyuma. Iliyosalimika ni hii ya kaku, kwa kuwa ilikuwa Lubumbashi, kwa mama mdogo, Katuba.

Nilianza kwa kutengeneza nakala, kabla ya kumuuliza mtu yeyote. Picha nyingi zilikuwa zimenata kwenye kurasa zenye gundi, na picha iliyonata haivutwi, inachanika. Hizo nilizipiga kwa simu zikiwa palepale, karibu na dirisha, bila taa ya simu. Zile zilizotoka kwa urahisi nilizipiga mbele na nyuma. Nyuma ndiko kwenye habari. Picha yetu ina kingo zenye meno madogo, na nyuma kuna muhuri wa studio uliofifia hadi zikabaki herufi za mwisho tu: …ETHVILLE. Basi, ni kabla ya 1966. Ilikuwa mwanzo, lakini miaka arobaini hivi ni uwanja mpana mno.

Kwa picha nyingine nguo zilinisaidia zaidi. Tangu utawala wa Mobutu ulipoleta abakosti, koti la kuvaliwa bila tai, mwanzoni mwa miaka ya 1970, hadi aliporuhusu tai tena Aprili 1990, mwanaume wa Zaire hakupiga picha ya heshima na tai. Kwa njia hiyo peke yake nilipanga upya nusu ya albamu.

Kisha wazee. Ushauri wangu ni huu: nenda kwa mmoja mmoja. Ukiwaketisha pamoja, mkubwa atasema na wengine wataitikia, na wewe utaandika ushahidi wa mtu mmoja ukidhani ni wa watano. Usianze na kidole kwenye uso. Anza na nyumba: ilikuwa wapi, nani alilala humo, jirani alikuwa nani, maji yalichotwa wapi. Mzee akishaingia ndani ya ile nyumba, watu wanatoka wenyewe. Na uliza nani alimzaa nani, kwa maneno hayohayo, kwa sababu kwetu dada ya mama ni mama, na ukiuliza tu kama ni mama yake utajibiwa ndiyo.

Katikati ya picha yuko mwanamke kijana aliyebeba mtoto mchanga. Mama mdogo hakusita: “Uyu njo kaku yako. Mutoto njo yaya yetu wa Likasi,” yaani dada yao mkubwa, mama yangu mkubwa. Wote niliowauliza walisema vivyo hivyo. Na kweli, sura ni ya kaku: paji la uso, mdomo, hata jinsi anavyoinamisha kichwa.

Kilichonipa wasiwasi ni watoto wawili waliosimama mbele, wamevaa mashati ya kitambaa kimoja. Ndugu mmoja wa kaku, ambaye watoto wake wako Mbuji-Mayi, aliitwa Kabanga. Kwetu huyo ni pacha wa pili. Lazima awepo Mbuyi aliyemtangulia. Mbuyi alikufa mdogo, hakuna aliyemkumbuka sana. Nikajiambia: kama hawa ni mapacha, umri wao utanipa mwaka wa picha.

Nilimwandikia paroko wa parokia ya zamani ambako ukoo wetu ulibatizwa, nikaeleza nani ninamtafuta na kwa nini. Katibu alinifungulia vitabu vya ubatizo mbele yake. Kupiga picha hairuhusiwi, kwa hiyo nilinakili kwa mkono. Hapa panahitaji subira. Wamisionari waliandika majina yetu jinsi masikio yao yalivyoyasikia, basi jina moja utalikuta kwa tahajia tatu. Halafu kuna mwaka 1972, majina ya Kikristo yalipoondolewa kwenye karatasi za serikali. Kaku wa kitambulisho cha Zaire na kaku wa kitabu cha kanisa wanaonekana kama wanawake wawili. Kilichowaunganisha ni kadi yake ya ndoa ya kanisani, yenye majina yote mawili. Tafuteni kadi hizo kwenye masanduku ya wazazi kabla panya hawajazifikia.

Usisome mstari wa jina peke yake. Soma wasimamizi wa ubatizo, na soma pembeni, ambako padri huongeza kipaimara na ndoa, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine.

Mapacha walibatizwa 1942, wachanga. Mama mkubwa wa Likasi alibatizwa 1947. Kwenye picha yeye ni wa miezi michache, na wale wa mashati yanayofanana wanaonekana kama wa miaka mitano. Mambo yakakaa sawa: picha ni ya 1947, au mwanzo wa 1948. Lakini kaku mwenyewe alibatizwa mchanga mwaka 1936. Mwaka 1947 alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Hawezi kuwa yule mwanamke.

Nilirudi kwenye mstari wa mama mkubwa, nikasoma jina la mama mzazi. Ni jina la dada mkubwa wa kaku, aliyebatizwa 1929 akiwa tayari anatembea. Kwenye kitabu cha mazishi nilimkuta tena, mwaka 1949. Nilikuza picha kwenye simu, nikaenda pembeni kabisa kulia, ambako kuna msichana aliyekatwa nusu bega na ukingo, ameshika sahani ya bati. Huyo ndiye kaku. Dada kwa dada wanafanana; ndiyo maana sura peke yake siiamini, ingawa sikio husaidia, kwa sababu umbo lake halibadiliki sana mtu akikua.

Sikumpigia mama mkubwa simu. Jambo kama hili halipelekwi kwa simu. Nilimweleza kwanza mama mdogo, akaenda naye kuzungumza peke yao, nami nikaingia baadaye. Mama mkubwa alijua. Aliambiwa siku za ndoa yake kwamba bibi yake ndiye aliyemlea hadi kaku alipoolewa na kumchukua kama mwanawe wa kwanza. Asichokijua ni sura ya aliyemzaa, na sura hiyo alikuwa ameiona tangu utoto, kila albamu ilipofunguliwa. Alilia, akasema picha hiyo itengenezwe kubwa, ya kwake. Kisha akamwonyesha mwanaume mwenye kofia, ambaye sisi tulimwita babu mdogo: “Uyu hapana ndugu. Njo papa wangu wa ubatizo, alikuwa analeta unga siku ya Noeli.” Jina alilolitaja ndilo lililoandikwa kwenye mstari wake kanisani.

Sasa kila picha ina karatasi yake, na kando ya kila jina naandika nani alisema na karatasi gani inathibitisha. Penye sura tu naandika “inadhaniwa”. Nakala ziko Mbuji-Mayi, Likasi na Kananga. Wanawake wawili walio karibu na mlango bado hawana majina. Juu ya mlango huo kuna namba ya nyumba, inasomeka vizuri ukiikuza, na kwenye karatasi za pensheni za baba yake kaku namba ni tofauti. Basi nyumba ni ya majirani, na hao wawili huenda ndio wenyeji. Nimeanza kuwatafuta wajukuu wa safu ile ya kambi, kupitia wazee waliostaafu Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière.